Mkalimani wa Lugha Moja

Nchi yetu na nchi jirani zinasema lugha moja. Sisemi lugha zinazofanana, wala lugha zenye asili moja. Moja. Ukimtukana mtu wa kule anaelewa tusi lote, na anakurudishia lenye chumvi zaidi. Mimi nimeolewa na mtu wa kule, kwa hiyo nasema kwa uzoefu. Lakini Kamati ya Kujitoa kwenye Umoja unaotuunganisha nao ilipoanza mazungumzo na wajumbe wa nchi jirani, serikali yetu ilitangaza kwamba taifa huru haliwezi kuketi na taifa jingine bila mkalimani. Wakatafuta mkalimani, wakanipata mimi.

Usicheke bado. Nimesomea lugha tatu za mbali, na nimezifanyia kazi kwa heshima zote katika mikutano ya madaktari na wahandisi. Aliyenipeleka kwenye upuuzi huu ni mdogo wangu wa kiume. Yeye ni msaidizi katika ofisi ya Mkuu wa nchi, na mtaa mzima unamwita Naam, kwa sababu tangu utotoni hajapata kuitwa akajibu neno jingine. Walimu walimpenda sana. Watu wa namna hiyo hupendwa na kila mwenye fimbo.

"Dada, ni kazi ya heshima," aliniambia. "Unakaa, unasikiliza, unasema."

"Nasema nini?"

"Walichosema wakubwa wetu."

"Si watakuwa wameshakisema?"

"Dada, usianze."

Nilikubali kwa sababu moja tu, nayo ilikuwa kifungu cha wenza. Ndani ya rasimu ya mkataba wa kujitoa kulikuwa na kifungu kitakachoamua kama watu wa kule waliooa au kuolewa huku watabaki au watafukuzwa. Mume wangu angeamka mgeni siku hiyo ya kujitoa, yeye ambaye bomba la mtaani likipasuka majirani humgongea yeye, si mimi. Nilitaka kukikalia karibu kifungu hicho, kama mtu anavyokaa karibu na maziwa yaliyo motoni.

Mume wangu anafanya kazi hospitali, kitengo cha mazoezi ya viungo. Anawafundisha kutembea watu walioanguka, waliogongwa, waliopooza. Jioni hurudi nyumbani na kuanza zamu ya pili kwa mama yangu. Mama alipigwa na kiharusi. Upande wa kushoto ukagoma, ulimi ukabaki salama salimini, tena ukaongezeka makali. Kila asubuhi na kila jioni mume wangu humtoa kitandani, humkalisha kitini, humnyoosha mkono na mguu, humfikisha bafuni na kumrudisha. Mimi nilijaribu kumnyanyua mara moja nikaumia mgongo. Naam hajajaribu. Huja Jumapili, husimama kwenye mlango wa chumba, huuliza "Mama, unaendeleaje?" kisha hutazama saa yake.

Hatukujaliwa watoto, lakini tunaye mama. Mume wangu akiondolewa, ndoa yangu imevunjwa na watu waliovaa tai, na mama atalala chali mpaka siku yake. Ndiyo maana nilikaa kwenye kiti kile na kuvumilia niliyoyavumilia.

Sasa nikueleze niliyoyavumilia. Ukumbi ulikuwa wa hoteli ya serikali, meza ndefu yenye kitambaa cha kijani, wetu upande huu, wao upande ule, chupa za maji katikati. Kila upande ulitoa maneno yake kwa mdomo wa mkalimani wake. Mwenyekiti wetu anasema, "Habari za asubuhi, wenzetu." Mimi nabonyeza kitufe, taa nyekundu inawaka, nawaambia wa kule: "Anasema, habari za asubuhi, wenzetu." Mjumbe mkuu wa kule, mama mmoja mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, anajibu, "Nzuri." Mkalimani wao, mwalimu mstaafu aliyekuwa akisinzia baada ya chai, anashtuka na kutuambia, "Anasema, nzuri." Hapo wetu wanatikisa vichwa, kama watu waliopokea habari kutoka mbali.

Kanuni ya kikao ilisema kwamba lisilopita kwa mkalimani halikusemwa. Wetu ndio walioiandika, na walijisifia kwa wiki nzima. Makarani hawakuruhusiwa kuandika, wala redio ya taifa kutangaza, isipokuwa sauti ya mkalimani. Siku moja mwenyekiti wetu alichomekea mzaha, na pande zote mbili zikacheka palepale. Halafu wakakumbuka. Wakajikaza, wakanyamaza, wakanitazama. Ikabidi niurudie mzaha ule neno kwa neno, na watu wazima wenye shahada wakacheka upya ili kicheko chao kiandikwe. Nilijidharau kidogo siku ile, lakini wao niliwadharau sana.

Mkuu wa nchi wa wakati huo tulimwita Tunaondoka. Alishinda uchaguzi kwa neno hilo, akatawala kwa neno hilo, akafunga nalo kila hotuba, hata akiwa amekwenda kufungua choo cha soko. "Tunaondoka!" Watu wanapiga makofi, wanarudi makwao, tunabaki. Mwanzoni nilimwogopa kweli. Kila aliponguruma redioni nilimtazama mume wangu akikata mkate, nikahesabu kwamba ni mikate michache imebaki.

Baadaye nilimfahamu, na hofu ikaisha. Mwenye kelele hana neno. Yule mzee alipenda kuondoka kwa mdomo tu, kwa sababu kuondoka kwenyewe kunataka mtu asome makabrasha, naye alikuwa mvivu aliyekubuhu. Wajumbe wa kule walipopendekeza kwamba wenza wabaki kama walivyo, kifungu kilipelekwa kwake. Kilirudi na alama ya vyema pembeni, na duara la kitako cha kikombe cha chai juu yake. Hakuwa amekisoma. Nilifurahi mpaka nikaona aibu, maana nyumba yangu ilikuwa imeokolewa na uvivu wa mtu mmoja. Kilichobaki ni kutia saini rasimu nzima, na saini hiyo ilingojwa mwezi baada ya mwezi kwa sababu hiyo hiyo ya uvivu.

Lakini wale waliompigia kura hawakuwa wanatania. Walichoka kuambiwa wanaondoka huku wamekaa. Chama chake kikaitisha mkutano, wale waliokuwa wakimbebea mwavuli wakampokonya kiti, na akarudi kwao kulima maua. Mahali pake wakamweka mtu tuliyemwita Mpole.

Mpole ndiye mtu ambaye sisi, watu wa ndoa za huku na kule, tulikuwa tukimwombea. Alikuwa mhadhiri, miaka yote aliutetea Umoja waziwazi, na alipata kusema kwamba kujitoa ni kukata tawi ukiwa umelikalia. Sauti yake ilikuwa ya chini kiasi kwamba watu waliinama kumsikiliza. Alikuwa na tabia ya kumshika mtu mkono kwa mikono yake miwili. Nchi ilipumua. Mimi, mjinga kamili, nilipumua kuliko nchi.

Naam alikuja jioni ileile, na haikuwa Jumapili. Beji ya Tunaondoka ilikuwa imebanduliwa kwenye koti lake. Vitundu viwili vya pini vilikuwa bado wazi. Mume wangu alikuwa na sanduku moja la nguo alilokuwa amelipanga nyuma ya mlango tangu zamani, kimya kimya, bila kunionyesha wala kunificha. Naam alilipiga teke la kirafiki.

"Shemeji, toa nguo zako humo. Mambo yamekwisha. Mpole hawezi kuondoka. Nimekaa naye ana kwa ana."

"Lini?" niliuliza.

"Leo. Nilimshikia mlango."

Mama aliita kutoka chumbani. "Naam!"

"Naam, mama."

"Juzi ulituambia yule mwingine ndiye baba wa taifa."

"Nyakati zinabadilika, mama."

"Nyakati zinabadilika," alisema mama, "wewe unageuzwa."

Tulicheka wote, hata Naam, ambaye hucheka akitukanwa ilimradi asiachwe nje. Mume wangu alitoa shati moja moja sandukuni na kuzitundika kabatini. Nilisimama nikimtazama. Nilikuwa na furaha ya kipumbavu, na sina neno zuri zaidi la kuiita.

Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Methali hiyo niliijua tangu darasa la pili, na bado sikuikumbuka mpaka nilipoumwa. Tunaondoka angeweza kukaa miaka kumi bila kuondoka, kwa sababu hakuna aliyetilia shaka kwamba anataka kuondoka. Mpole hakupewa hata mchana mmoja. Wenye hasira walimweka pale kwa sababu alikuwa na sura ya heshima, kisha wakakaa nyuma yake wakimkodolea macho, wakingoja aseme neno lolote jema juu ya Umoja wamrarue. Mtu wa namna hiyo ana njia mbili, ama awe jasiri ama awe mkali. Ujasiri haukuwa miongoni mwa alivyosomea.

Katika hotuba yake ya kwanza alisema kwa sauti ya chini, "Tutaondoka," na akataja mwezi. Yule mwingine hakuwahi kutaja mwezi.

"Siasa tu hiyo," alisema mume wangu.

"Anawapaka wale mafuta kwa mgongo wa chupa," alisema Naam, na tayari alikuwa amevaa beji mpya yenye picha ya Mpole akitabasamu. "Shemeji, niamini mimi. Namjua huyu mtu."

Basi ikafika siku ya kikao cha mwisho. Utaratibu ulikuwa kwamba rasimu nzima inapitiwa, na kifungu chochote ambacho hakitapata hoja mpya kabla ya saa sita mchana kinafungwa kama kilivyo na kwenda kutiwa saini. Mpole alikuja mwenyewe. Nyuma yake alikuja Naam, amebeba mkoba wa bosi, miwani ya bosi na koti la bosi, na alitembea kwa madaha ya mtu aliyebebwa yeye. Mpole alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Kwa hiyo wewe ndiye sauti yetu," alisema. Kiganja chake kilikuwa laini na kikavu.

Tulianza. Kifungu cha reli, Mpole akasema kibaki kama kilivyo. Nikawaambia wa kule: anasema kibaki kama kilivyo. Kifungu cha umeme, kibaki. Bandari, ibaki. Mito, ibaki. Nilianza kuona raha. Nilidhani namwona mtetezi wetu wa Umoja akiunusuru Umoja kidogo kidogo, kifungu kwa kifungu, huku wenye hasira wakidanganywa na lile neno lake moja, "Tutaondoka". Nusura nimpende.

Sikuelewa hesabu yake. Reli ina wenyewe. Umeme una wenyewe, na wenyewe wakikasirika giza linaingia mpaka ikulu. Mpole aliyajua hayo kwa sababu alikuwa msomi, na kwa hiyo hakuyagusa. Lakini alihitaji kitu kimoja cha kuwapelekea wale waliomkodolea macho, kitu kinachovuja damu ya kutosha na kisicho na wa kukitetea. Kitanda changu hakina chama cha wafanyakazi. Alifika kifungu cha wenza, akavua miwani, akaifuta kwa kitambaa.

"Kuhusu wenza," alisema. "Nimelifikiria jambo hili kwa moyo mzito. Taifa linalofunga mlango wake wa mbele haliwezi kuacha wazi mlango wa chumbani. Wenza wote ambao si raia waondoke pamoja na Umoja. Wapewe miezi mitatu."

Aliupenda msemo ule wa mlango wa chumbani. Nilimwona akiupenda. Aliunyamazia kidogo, kama mpishi anayeonja, kisha akanigeukia ili niupeleke ng'ambo ya meza.

Nilibonyeza kitufe kukifunga kipaza sauti. Taa yangu ikazimika.

Kila mtu mle ndani alikuwa amesikia. Wajumbe wa kule walikuwa wamesikia. Mmoja wao alikuwa ameshauma mdomo. Makarani walikuwa wamesikia na kalamu zao zilikuwa hewani. Mlinzi wa mlangoni alikuwa amesikia, na aliangalia viatu vyake. Na wote, wakubwa kwa wadogo, walikaa wakingoja waambiwe. Hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeona kichekesho, kwa sababu walikuwa wamekizoea kama watu wanavyozoea harufu ya nyumba yao.

"Mkalimani?" alisema Mpole.

"Samahani, Mkuu. Sikusikia."

Alirudia yote, polepole, pamoja na mlango wake wa chumbani.

"Sikuelewa, Mkuu."

"Hukuelewa wapi?"

"Pote."

Mama mwenye miwani ya kamba alinitazama kwa muda. Halafu akatazama saa ya ukutani, ambayo ilikuwa inakaribia sita, akasema kwa utulivu, "Upande wetu haujapokea hoja yoyote juu ya kifungu hiki. Kama hakuna hoja, tufunge." Yule mwalimu mstaafu, ambaye sikuwahi kumwona yu macho kabisa tangu tuanze, alirukia kipaza sauti chake na kuyasema maneno hayo kwa kasi na kwa sauti ya darasani. Karani akayaandika. Nilimwona akiyaandika. Kwa dakika hizo chache mume wangu alikuwa salama kwa mujibu wa kanuni waliyoitunga wao wenyewe, kwa kuwa mimi nilikuwa sijafungua mdomo.

Kutoka nyuma ya kiti cha Mpole alisimama Naam.

Alikuja upande wangu. Nami nilifikiri, Mungu anisamehe, kwamba anakuja kuniinamia sikioni, kwamba amekumbuka ni nyumba ya nani, ni mama wa nani, kwamba labda ataomba kikao kiahirishwe kwa kuwa dada yake ameugua ghafla. Nilisogea kumpa nafasi. Akainama, akanukia manukato, akakivuta kipaza sauti kwake. Taa nyekundu ikawaka.

"Anasema," alisema Naam kwa sauti nzuri, "taifa linalofunga mlango wake wa mbele haliwezi kuacha wazi mlango wa chumbani. Wenza wote ambao si raia waondoke pamoja na Umoja, wapewe miezi mitatu." Akamtazama Mpole, akaongeza, "Na msimamo huu ni wa mwisho."

Hayo ya mwisho Mpole hakuyasema. Hayo yalikuwa zawadi.

"Asante," alisema Mpole.

"Naam, Mkuu."

Kalamu zikaanza kukwaruza. Kikulacho ki nguoni mwako, na cha kwangu kilikuwa kimevaa tai niliyomnunulia mimi alipohitimu.

Niliondoka bila kuaga. Alinifuata mpaka kwenye ngazi, viatu vyake vikilia.

"Dada! Dada, subiri. Nisingesema mimi, angesema mwingine."

"Ungemwachia huyo mwingine."

"Unafikiri ni rahisi? Mimi nina familia."

"Na hiyo uliyoifukuza ni ya nani?"

"Mambo yakipoa nitaongea na watu," alisema. "Kuna njia. Niachie mimi."

Naam hajawahi kuongea na watu. Naam huitwa na watu. Nilimtazama usoni na nikaona kwamba anayaamini aliyoyasema, na hapo ndipo hasira yangu ilipopoa na kuwa kitu kingine, kitu baridi ambacho bado ninacho.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa kitini na mume wangu amepiga magoti mbele yake, akimkunjua vidole vya mkono wa kushoto kimoja baada ya kingine. Siku hiyo hakuwa na zamu. Redio ilikuwa imezimwa, lakini bado ilikuwa mezani na waya wake, si kabatini inakokaa. Redio ya taifa hutangaza sauti ya mkalimani. Walikuwa wamesikia.

"Mdogo wako ana sauti ya redio," alisema mume wangu. Hakugeuka. Alimaliza kidole cha mwisho, akauweka mkono wa mama juu ya paja lake taratibu, ndipo akasimama. "Nilidhani ni wewe utakayesema. Tangu asubuhi nilikuwa najiandaa kuisikia hukumu kwa sauti yako. Nikajiambia, si yeye, ni kazi yake tu."

Nililia. Nilijitahidi nisilie mbele ya mama, na sikuweza. Nililia kwa sababu alikuwa ameshanisamehe kitu ambacho sikukifanya, na mwenye kukifanya alikuwa muda huo anakunywa chai na wajumbe.

Usiku huo tulizungumza, na asubuhi nilimwambia mama kwamba mume wangu akienda ninakwenda naye, na kwamba tunamchukua.

"Mimi siendi," alisema mama. "Nyumba hii tumeijenga na baba yenu. Siendi kufia kwenye chumba cha kupanga cha watu. Nendeni nyie."

"Nani atakunyanyua, mama?"

"Nina mtoto wa kiume," alisema. "Nasikia siku hizi anafanya kazi za watu wengine."

Naam alipoambiwa, kitu cha kwanza alichosema ni kwamba atatafuta mtu aliyesomea. Akatafuta. Akarudi na uso mrefu. Nusu ya kitengo cha mazoezi ya viungo walikuwa watu wa kule waliooa au kuolewa huku, na walikuwa wakifungasha. Nusu iliyobaki ilikuwa imebebeshwa wagonjwa wote. Alionekana kushangaa kabisa, kama mtu aliyetoboa mtumbwi upande wa mwenzake na kuona maji upande wake. Alisema serikali haikulitarajia jambo hilo. Nilimwuliza serikali ni nani, akasema, "Dada, usianze."

Ikabidi akubali kuhamia kwetu tutakapoondoka, na kwanza afundishwe. Aliyemfundisha ni mume wangu. Mimi nisingeweza, ningemwachia mama amwangukie. Lakini mume wangu alimfundisha kama anavyowafundisha wote, bila haraka na bila neno la pembeni, na uungwana ule ulinichoma kuliko matusi yote niliyokuwa nimeyatayarisha.

Jumapili moja, masanduku yetu yakiwa tayari mlangoni, Naam alikuja na koti lake na beji yake ya Mpole.

"Vua koti, shemeji," alisema mume wangu. "Panua miguu. Kunja magoti, usinyanyue kwa mgongo. Mkono mmoja chini ya kwapa, mwingine kiunoni. Mwache yeye ategemee kifua chako."

"Ni mzito?" aliuliza Naam, akicheka.

"Muulize mwenyewe. Yupo."

Naam aliinama. Alikosea, akarudia. Jasho lilimtoka kabla hajafanya lolote. Mara ya tatu alimwinua mama kutoka kitandani, nusu ya njia, na wakabaki wamekumbatiana katikati ya chumba, uso kwa uso, karibu kuliko walivyopata kuwa tangu alipoachishwa ziwa. Mama alimtazama kwa makini, jicho moja kubwa, jingine limelegea kidogo.

"Yule wa redioni siku ile," alisema, "alikuwa ni wewe?"

"Nilikuwa natafsiri tu, mama."

"Kutoka lugha gani?"

Naam alifungua mdomo. Alinitazama mimi, akamtazama mume wangu, na hapakuwa na mkubwa kwenye kiti chochote wa kumwambia la kusema. Mama alianza kushuka mikononi mwake.

Mume wangu alipiga hatua moja, akamshika kiwiko.

"Usimwachie, shemeji," alisema. "Bado hajafika kitini."